Babu Mkubwa yumo kwenye karatasi za 1968

Mambo yote haya yalianzia kwenye kaburi. Mwaka juzi mjomba wangu alitaka kulijengea kaburi la baba yake bibi, yaani babu yake yeye mjomba, pale Kipatimu, kaburi lilikuwa limebaki tuta tu na mawe mawili, na fundi akauliza swali la kawaida kabisa, niandike mwaka gani wa kuzaliwa? Kufariki tunajua, 1989, wengi tulikuwepo au tulihadithiwa na waliokuwepo. Kuzaliwa ndo ikawa kazi. Mjomba akatoa kadi ya zamani ya kazini, ya enzi zile mzee alipokwenda kwenye mkonge huko Lindi, imeandikwa 1915. Bibi akasema hapana, baba yangu mimi alizaliwa vitani, mama yake alijifungulia pangoni watu wakiwa wamejificha. Mjomba akasema sawa mama, basi ndo hiyohiyo 1915, si kulikuwa na vita? Bibi akanyamaza, na mnaomjua bibi yangu mnajua akinyamaza hajakubali.

Kwa ambao hamtoki kwetu niwaeleze kidogo. Sisi ni Wamatumbi, milima yetu iko Kilwa, mkoa wa Lindi, na vita vimepita kwenye milima ileile mara mbili ndani ya miaka kumi na kitu. Mwezi wa 7 mwaka 1905 vita vya Maji Maji, vile vya kumpinga Mjerumani, vilianzia kwetu, Nandete, watu walipong'oa pamba kwenye shamba walilolazimishwa kulima. Halafu vita vya kwanza vya dunia navyo vikatukuta hukohuko, Desemba 1916 mpaka Januari 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana Kibata, mizinga kabisa, kwenye milima ambayo watu wake ugomvi huo haukuwahusu. Kwa hiyo mtu wa kwetu akikwambia "alizaliwa vitani" lazima umuulize vita gani, na wa kumuuliza wengi wameshaondoka.

Bibi mwenyewe umri wake tunakadiria 87 hivi. Ni bibi mzaa mama. Siku hiyo jioni nikamfuata jikoni, nkamuuliza taratibu, bibi hiyo habari ya pangoni ulihadithiwa na nani? Akasema na baba mkubwa, kaka yake baba, yeye alikuwepo, alikuwa mvulana wa kuamia ndege kwenye mtama. (Nitamuita Babu Mkubwa humu, jina lake bibi hajaniruhusu kuliweka mtandaoni na mimi naona ana haki.) Halafu akaongeza kitu kwa namna ya mtu anayemalizia tu maneno, akasema, "Hata wale vijana wa chuo walipokuja na makaratasi yao aliwaambia hivyohivyo."

Vijana gani bibi?

Akasema walikuja vijana kutoka Dar es Salaam, wa chuo kikuu, yeye ana mtoto wa pili mgongoni, na huyo mtoto wa pili ni mama yangu mdogo aliyezaliwa 1967. Mmoja mrefu mwenye miwani alikaa na Babu Mkubwa barazani siku mbili, alileta sukari kilo mbili na majani ya chai, anauliza anaandika, anauliza anaandika. Bibi alikuwa anatwanga pembeni, akawa anasikia.

Mimi usiku ule sikulala vizuri. Yaani kuna mtu aliandika. Sio hadithi iliyopita midomo sita ikafika kwangu, kuna karatasi ambayo Babu Mkubwa anaongea yeye mwenyewe, na hiyo karatasi iko mahali, au ilikuwepo mahali.

Nikaanza vibaya. Nilianzia ofisi moja ambayo sitaitaja, nikakaa kwenye benchi kuanzia saa tatu mpaka saa saba mchana, mwisho nikaambiwa mambo ya ukoo wangu niulize ukoo wangu. Nilirudi nyumbani nimenuna kwa kweli. Aliyenitoa gizani ni mwalimu wa historia wa sekondari, rafiki wa dada mmoja tunafanya naye kazi, nilimpigia simu nikamweleza habari ya vijana wa chuo, sijamaliza akanikatisha. Mtoto wa 1967 yuko mgongoni? Basi hiyo ni 1968, hao walikuwa wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati ule bado kinaitwa University College, walitumwa kwenda makwao na vijijini kukusanya masimulizi ya wazee walioishi kipindi cha Maji Maji kabla hawajaisha. Mradi wenyewe ulikuwa chini ya watu wa pale chuoni, John Iliffe na Gilbert Gwassa, na huyu Gwassa ni Mmatumbi! Mtu wa kwetu! Karatasi zilikusanywa zikawekwa pamoja, akasema nenda Mlimani, maktaba ya chuo, uliza kitengo cha East Africana.

Sasa hapa nataka nieleze vizuri kidogo, maana nimekuja kugundua watu wengi tunapita nje ya ile maktaba kila siku tukidhani ni ya wanafunzi kusomea mitihani tu. East Africana ni sehemu maalumu ndani ya maktaba, wamekusanya vitu vinavyohusu Afrika Mashariki peke yake. Vitabu vya zamani, tasnifu, ripoti za serikali za enzi za mkoloni, majarida kama Tanganyika Notes and Records lile lililoanza 1936, na miswada ambayo haijawahi kuwa kitabu. Huazimi ukaenda nayo nyumbani, unasomea palepale. Ukiwa Msukuma au Mhaya ungeanza na karatasi za Hans Cory, yule mzee wa Kiaustria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Waingereza, alizunguka sana kuandika mila, sheria za urithi na historia za watawala wa huko. Mimi zile nilizigusa tu nikazirudisha, za kwetu hazimo, ila nilimuona kaka mmoja wa Bukoba amezama humo anaandika kama anakimbizwa.

Nilikwenda na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho, maana mimi sio mwanafunzi, nikajaza fomu, nikalipa hela kidogo, begi nikaacha nje nikaingia na daftari na penseli. Dada wa pale akaniuliza natafuta nini nikamwambia natafuta babu yangu. Hakucheka. Akaniuliza maswali manne ambayo nayaandika hapa kama alivyouliza maana yamenisaidia kuliko kitu kingine chochote: kijiji gani, na zamani kiliitwaje? Alikuwa na majina mangapi? Nani alimhoji au ni mwaka gani? Wewe unataka kujua nini hasa? Hilo la mwisho nilijibu haraka, nataka kujua alizaliwa vita gani mdogo wake. Akasema vizuri, basi usisome kila kitu, utalewa.

Lakini nililewa. Karatasi zenyewe zimechapwa kwa taipureta halafu zikatolewa nakala kwa stensili, kama umesoma shule miaka ya themanini unazijua, herufi o zote zimejaa wino zinaonekana kama punje nyeusi za mtama, na karatasi imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Zimepangwa kwa maeneo. Kuna insha ya mwanafunzi kwa Kiingereza, kisha mahojiano na wazee, mzee mmojammoja. Nikasoma wazee wa watu siku nzima. Kuna mzee mmoja anaeleza walivyokuwa wanabeba ile dawa ya kuzuia risasi, maji yamechanganywa na mbegu za mtama na mafuta ya mbarika, unayaning'iniza shingoni kwenye kipande kidogo cha mwanzi. Kuna anayeeleza habari za Kinjikitile Ngwale, yule mganga wa hayo maji, kule Ngarambe, watu wanavyokwenda kwa makundi na kurudi na maji. Na kuna neno nilikutana nalo nikasimama kabisa, njwiywila. Ile habari ya kunong'onezana, mtu anamwambia mwenzie sikioni kwamba mwaka huu ni mwaka wa vita, na mwenzie anapeleka mbele, mpaka milima yote ina habari na akida, yule msimamizi wa Mjerumani, hajui. Neno hili bibi hulitumia hadi leo wakinamama wakiteta, husema "acheni njwiywila hizo", mimi miaka yote nilidhani ni sauti tu ya mdomo.

Siku ya kwanza sikumpata. Siku ya pili sikumpata. Kosa langu lilikuwa natafuta jina. Jina tunaloandika sisi leo limepitia shule, limepitia kadi ya mkonge, limepitia kitambulisho cha taifa, na yule kijana wa 1968 aliandika alivyosikia, l ikawa r, mwisho wa jina umeliwa. Siku ya tatu nikaacha jina nikatafuta kijiji na umri, mzee wa miaka 75 hivi, aliyekuwa mpagazi vita vya Mwingereza, maana hilo la upagazi bibi alinipa pia. Saa nane mchana nikafika kwenye ukurasa ambao mzee anamtaja dada yake kwa jina la utani, jina ambalo haliko popote duniani isipokuwa nyumbani kwetu, tumempa hadi binti wa mjomba. Nikaweka penseli chini. Nilikwenda chooni nikanawa uso nikarudi.

Ni kurasa tatu tu. Babu Mkubwa anaongea kwa Kiingereza ambacho hakuwahi kukijua, lakini nilimsikia. Anasema walianza kusikia njwiywila wakati wa kuandaa mashamba. Anasema pamba ilikuwa inamlisha jumbe na akida, mtu unaacha shamba lako nguruwe wanakula unakwenda kulima ambayo hailiwi. Baba yake alikwenda Ngarambe akarudi na maji, hakuzungumza na mkewe siku kadhaa kwa sababu ya miiko ya dawa. Halafu askari wakaja, wakachoma nyumba na maghala, chakula chote. Na hapo ndo panakuja sentensi niliyoinakili mara mbili: wakakimbia, wakakaa katika nyumba ya mawe muda mrefu, na mdogo wake akazaliwa humo.

Nyumba ya mawe. Nikachanganyikiwa. Nyumba ya mawe kwenye milima ya Matumbi mwaka huo ni boma, ni ya Mjerumani au ya akida, kwa hiyo waliwekwa ndani? Walikuwa mateka? Mama mjamzito alifungwa? Nikaandika kwenye daftari "walifungwa bomani??" na nikatoka pale na huzuni ambayo niliibeba hadi mwisho wa wiki. Nilikuwa tayari nimeshamhadithia mama kwa simu, na mama naye akaanza kulia.

Nikaomba fotokopi ya zile kurasa, Ijumaa nikapanda basi Mbagala. Njia ya kusini siku hizi nzuri, unavuka Rufiji pale daraja la Mkapa, unashuka Njia Nne, kutoka pale mpaka Kipatimu ni bodaboda au gari ukibahatika. Nilifika magharibi. Shikamoo bibi. Marahaba mke mwenzangu, umekonda, Dar hawakulishi? Nikamwambia nimekuletea barua ya baba yako mkubwa. Akaniangalia muda mrefu, akasema kula kwanza.

Asubuhi tukakaa barazani, baraza la leo sio lile la 1968, nyumba ilishajengwa upya, ila ni mahali palepale. Nikawa namsomea, Kiingereza kinaingia machoni Kiswahili kinatoka mdomoni, na bibi anakirudisha Kimatumbi kwa sauti ndogo kabla sijafika nukta, kama mtu anayeimba wimbo anaoujua. Alinisahihisha jina la kilima. Alinisahihisha hapo pa nguruwe, akasema sio walikuwa wanakula shamba, walikuwa wamekula lote, andika lote. Nilipofika kwenye nyumba ya mawe nikapunguza sauti, nikamwambia bibi hapa pana habari mbaya.

"Mbaya vipi? Hilo si pango," akasema. "Baba mkubwa ndivyo alivyokuwa akiliita. Nyumba yetu ya mawe. Akipita na sisi watoto anatuonyesha kwa fimbo, pale ndo nyumba yetu ya mawe, haiungui."

Haiungui! Nyumba zote zimechomwa, iliyobaki ni ile isiyoungua. Mapango yapo mengi kwetu, mengine makubwa mno, watu walijificha humo kipindi kile na hilo linajulikana, lakini yule kijana mwenye miwani hakujua huo msemo wa nyumbani, akaandika alichoambiwa neno kwa neno, na Mungu ambariki kwa kutokurekebisha, maana angeandika alichodhani yeye mimi nisingeupata ukweli kamwe. Mimi niliyesoma pale maktaba peke yangu, mjukuu wa damu, nilimuweka mama wa watu gerezani. Bibi ambaye hajui kusoma ndo alimtoa.

Na mwaka? Ukurasa wa tatu unamaliza ubishi. Babu Mkubwa anasema vita ya pili ilipokuja, ya Waingereza, yeye alishakuwa kijana wa nguvu akachukuliwa kubeba mizigo, na wakati watu wanakimbia mizinga ya Kibata mdogo wake alikuwa mkubwa wa kutosha kubeba chungu kichwani. Mtoto wa kubeba chungu Desemba 1916 hakuzaliwa 1915. Alizaliwa kwenye ile ya kwanza, mwishoni mwa 1905 au 1906, pale vijiji vilipochomwa na watu wakabaki na njaa. Hiyo 1915 ya kwenye kadi, bibi anasema karani wa mkonge alikuwa anamtazama mtu usoni anaandika, na baba yake alikuwa mwembamba, alionekana kijana.

Mjomba nimempa heshima zake, nilimuwekea fotokopi mbele nikamuacha asome mwenyewe. Alisoma, akavua kofia, akasema basi tufute. Lakini bibi hataki namba. Amesema kaburini iandikwe alizaliwa pangoni wakati wa Maji Maji, fundi anasema maneno ni mengi na saruji ni ile ile, wanaendelea kujadiliana.

Kuna jambo moja nataka kuwaomba wenzangu wenye wazee, hasa wa Kilwa, Liwale, Rufiji, Mahenge, Songea, kule kote Maji Maji ilikopita. Kabla hamjaenda maktaba yoyote kaeni na wazee mrekodi kwenye simu, majina ya utani, majina ya zamani ya vijiji, nani alikuwa mpagazi, nani alikwenda mkonge. Karatasi bila bibi mimi ilinipoteza kabisa, nimewaeleza. Na muulizeni kila mzee, kuna mtu yeyote aliwahi kuja hapa akaandika? Padri, mwanafunzi, bwana shauri, yeyote. Vile vitabu vya wilaya walivyokuwa wanaandika maofisa wa Kiingereza vipo Nyaraka za Taifa pale Upanga, navyo nimepanga kuvipitia cha Kilwa, ila matumaini yangu huko ni madogo, afisa aliandika zaidi habari za majumbe kuliko za mtu aliyejificha pangoni. Wale wanafunzi walikwenda kwa wakulima wa kawaida wakakaa nao barazani, mimi hilo naliona ni jambo kubwa sana lililofanywa na nchi changa, uhuru haujafikisha hata miaka kumi.

Sasa nimebaki na deni. Wakati naondoka, bibi ameshazikunja zile kurasa tatu akaziweka kwenye kopo la chai pamoja na kadi ya kliniki, akaniuliza, na siku ya pili je?

Siku ya pili ipi bibi?

"Nilikwambia alikaa naye siku mbili. Haya uliyonisomea ni ya siku ya kwanza, niliyasikia yote nikitwanga. Siku ya pili baba mkubwa alitufukuza wanawake wote, na watoto, akabaki na yule kijana peke yao mpaka alasiri. Hakutuambia alisema nini. Mpaka anakufa hakusema."

Nimeangalia fotokopi zangu tena. Juu ya ukurasa wa kwanza kuna tarehe moja tu. Jumatatu nimeomba ruhusa kazini, ntakuwa Mlimani wakifungua mlango.